Kupunguza taka za asidi na hatari zake katika karakana ya sabuni na dawa za usafi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Watu wanaoanza kutengeneza sabuni ya maji, dawa ya kusafisha choo na dawa ya kuondoa kutu, iwe ni Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma, huuliza maswali yaleyale: maji yaliyosuuzia pipa la asidi yamwagwe wapi, magadi kiasi gani yatatosha kuyatuliza, yaani kuua ukali wa asidi yake, na kwa nini macho yanawasha ndani ya karakana ilhali madirisha yako wazi. Mwongozo huu unamjibu mwenye karakana ndogo au kiwanda cha wastani anayetumia asidi salfoniki (malighafi kuu ya sabuni ya maji), asidi hidrokloriki, asidi fosforiki au asidi salfuriki. Haumhusu anayetaka kutumia asidi hidrofloriki, inayopatikana katika baadhi ya dawa za kutoa kutu. Asidi hiyo hupenya ngozi na kudhuru mifupa na moyo, na haifai kuingia karakana ndogo kwa sababu yoyote ile.

Hatua zote zimepangwa kwa msimamo mmoja: taka za asidi hupunguzwa kwenye mizani na kwenye pipa la kuchanganyia, kabla hazijafika mtaroni. Anayeanzia mtaroni hununua magadi kila wiki ili kuua asidi aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba maji mengi yanatosha. Ukali hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi. Maji yenye pH 1 yakitakiwa yafike pH 6 kwa kuongezewa maji matupu, kila lita moja itahitaji takriban lita 100,000. Hakuna karakana yenye maji hayo, na mji wenye mgao wa maji hauwezi kuyatoa. Tena Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kwa hiyo kinachoingia humo hubaki humo. Na kule Kisumu, katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda, wapo wanaochota maji ya visima vifupi vilivyo karibu na mashimo ya vyoo. Kumwaga asidi katika choo cha shimo ni kuisogeza tu karibu na ndoo ya jirani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta mizani inayopima gramu, jagi za plastiki zenye alama za ujazo, na kipimo cha pH cha mkononi pamoja na maji yake ya kukirekebishia ya pH 4 na pH 7. Nunua pia karatasi za pH, kwa kuwa kipimo kinapoharibika katikati ya kazi karatasi ndizo zitakazokuokoa. Utahitaji mapipa mawili ya plastiki ngumu ya lita 200 yaliyokatwa juu, mwiko mrefu wa plastiki au wa mbao, pampu ya mkono ya plastiki ya kutolea asidi kwenye dramu, na daftari.

Kwa mwili, vaa glavu nzito za nitrili au za PVC zinazofika karibu na kiwiko, miwani ya usalama inayobana pande zote, aproni ya PVC na gambuti. Suruali ipite juu ya gambuti, wala usiichomeke ndani, kwa maana asidi inayotiririka mguuni huingia katika kiatu na kukaa humo. Glavu nyembamba za hospitalini hazitoshi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa asidi hata kidogo. Anayemimina asidi hidrokloriki anahitaji barakoa yenye vichujio vilivyotengenezwa kwa ajili ya gesi za asidi.

Kwa kutuliza asidi, tafuta magadi ya viwandani, yaani yale ya unga mweupe yanayotoka Ziwa Magadi, au chokaa iliyozimwa kama ile ya Koru. Weka pia kilo kadhaa za bikaboneti ya sodiamu, ambayo wengi huijua kama soda ya kuokea. Usinunue chokaa mbichi, kwa sababu ikiguswa na maji hutoa joto kali na inaweza kuunguza.

Hatua ya 1: Andika asidi inavyoingia na inavyotoka

Kwa muda wa wiki mbili, usibadilishe chochote. Andika kila siku kilo za asidi zilizotoka katika dramu, lita za bidhaa zilizopatikana, lita za maji ya kusuuzia, na kila kilichomwagika au kilichoharibika. Usikadirie, pima. Katika karakana nyingi za sabuni, sehemu kubwa ya taka hutoka mahali pawili: kwenye mikupuo (kiasi cha bidhaa kinachotengenezwa kwa mara moja) iliyokosewa ikatupwa, na kwenye maji ya kusuuzia mapipa. Mara nyingi mwenye karakana husikitikia asidi iliyodondoka sakafuni kwa sababu aliiona, na ile iliyokwenda na maji ya kusuuza haijui.

Kagua pia sakafu yenyewe. Ukiona karibu na mlango wa nyuma kokoto zimejitokeza na saruji kati yake imekuwa unga, hapo ndipo asidi imekuwa ikimwagwa, hata kama kila mfanyakazi anakana.

Hatua ya 2: Badilisha unachoweza kubadilisha

Dawa ya choo ya asidi hidrokloriki hufanya kazi haraka, lakini asidi yenyewe hutoa mvuke unaounguza pua na kula kila chuma kilicho karibu, hata chuma cha pua. Kwa dawa ya kuondoa ukoko wa maji ya chumvi, jaribu asidi sitriki au asidi salfamiki. Zote mbili ni za chengachenga, hupimwa kwa mizani, hazitoi mvuke zikiwa kavu, na gunia likipasuka hufagiliwa. Bei ya kilo inaweza kuwa juu zaidi. Ihesabu pamoja na gharama ya vichujio vya barakoa, pampu zilizoliwa na magadi ya kutulizia. Asidi sitriki ni ya polepole, kwa hiyo mweleze mnunuzi aiache chooni kwa muda mrefu kabla ya kusugua.

Hatua ya 3: Panga ghala

Weka asidi kivulini, mahali penye hewa, juu ya trei au ndani ya kizingio cha saruji kilichopakwa rangi inayostahimili asidi. Kizingio kiweze kubeba ujazo wa dramu kubwa kuliko zote na asilimia 10 zaidi; kwa dramu ya lita 200 hiyo ni lita 220. Katika joto la Kisumu dramu ya asidi hidrokloriki hujaa mvuke, kwa hiyo kifuniko kilegezwe taratibu, uso ukiwa umegeuzwa pembeni.

Vitu viwili visikae karibu na asidi. Cha kwanza ni jiki na dawa nyingine zenye klorini, kwa sababu zikikutana na asidi yoyote, hata ile ya dawa ya choo iliyokwisha kuzimuliwa, hutoa gesi ya klorini inayoharibu mapafu. Cha pili ni kostiki (hidroksidi ya sodiamu), ambayo ikikutana na asidi kali huchemka na kuruka. Usihifadhi asidi katika ndoo za mabati wala kuitoa kwa bomba la shaba. Mabati yakiliwa hutoa haidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche moja.

Kila chombo kiwe na lebo. Kamwe usiweke asidi katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata kama wewe peke yako ndiye unayeingia ghalani. Na unaponunua jerikeni ya asidi, usiipakie kwenye bodaboda wala kwenye matatu yenye abiria.

Hatua ya 4: Weka maji ya dharura kabla ya asidi yoyote kufunguliwa

Usiutegemee mfereji. Inua pipa la lita 200 la maji safi juu ya stendi, lifunge bomba na mpira mfupi, nalo lisitumiwe kwa kazi nyingine. Jicho lililoingiwa na asidi huoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi bila kukatiza, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha mtu apelekwe hospitali pamoja na lebo ya asidi ile. Ngozi vilevile: vua nguo iliyolowa papo hapo, osha kwa maji mengi. Usipake magadi wala bikaboneti juu ya ngozi ukidhani unaituliza asidi, kwa maana joto linalotokea huongeza kidonda.

Kila mfanyakazi, hata kibarua wa siku moja, afundishwe njia ya kufika kwenye pipa hilo akiwa amefumba macho. Hili nalisisitiza kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu aliyeingiwa na asidi hataweza kuyafumbua.

Hatua ya 5: Toa na uzimue asidi

Tumia pampu, usiinamishe dramu ya lita 200 juu ya ndoo. Pima maji kwanza, uyaweke katika chombo, kisha uingize asidi kidogo kidogo huku ukikoroga. Asidi huingia majini. Maji hayaingii kwenye asidi. Ukifanya kinyume, hasa kwa asidi salfuriki, maji machache yaliyo juu huchemka mara moja na kurusha asidi usoni. Kostiki nayo ina kanuni hiyohiyo: chenga ndizo zinazoingia katika maji baridi, kidogo kidogo.

Chombo kikipata joto hata mkono hauwezi kukishika kwa nje, simama usubiri kipoe.

Hatua ya 6: Pima asidi salfoniki sawasawa ili mkupuo usiharibike

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wengi huongeza salfoniki kwa jicho, wakaona sabuni imekuwa nyepesi, wakaongeza kostiki, ikawa kali, wakaongeza salfoniki tena, na mwishowe wakamwaga lita 100 za kitu kisichouzika. Salfoniki ya kawaida ya asilimia 96 huhitaji takriban gramu 120 za kostiki kwa kila kilo moja, au takriban gramu 160 za magadi ukichagua magadi. Kwa mfano, kilo 5 za salfoniki zitataka karibu gramu 600 za kostiki iliyo kavu. Kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kupungua nguvu, kwa hiyo funga mfuko vizuri.

Yeyusha kostiki yote katika maji, iache ipoe, kisha uingize kwenye maji yenye salfoniki kwa vipimo. Ukifika robo tatu ya kiasi ulichopiga hesabu, anza kupima pH kila unapoongeza. Lenga pH 7 hadi 8 kabla ya kuweka ungaroli (sabuni nzito ya kuongeza povu), chumvi, rangi na manukato.

Hatua ya 7: Suuza kidogo mara mbili badala ya sana mara moja

Chukua pipa lililobaki na lita moja ya asidi iliyonata kwenye kuta. Ukilisuuza mara moja kwa lita 100, asidi iliyobaki ndani huwa imepunguzwa mara 101. Ukilisuuza kwa lita 10, ukaacha limwagike vizuri hadi ibaki lita moja tena, kisha ukarudia kwa lita 10 nyingine, huwa imepunguzwa mara 121. Umetumia lita 20 badala ya 100, na pipa ni safi zaidi.

Kabla ya kusuuza, egemeza pipa kwenye gogo likiwa limeinama, mdomo ukiwa juu ya jagi, na uliache hivyo kwa dakika 20 au zaidi. Salfoniki ni nzito na ya kahawia iliyoiva. Hushuka kama asali ya baridi, na asubuhi za Nakuru ni nzito hata zaidi. Subira hiyo ni akiba, kwa kuwa kila kinachotonea katika jagi ni malighafi. Maji ya kusuuzia ya kwanza yaweke katika jerikeni yenye lebo ya bidhaa ileile na tarehe, uyatumie kama sehemu ya maji ya mkupuo ujao. Ya pili yawe maji ya kwanza ya kusuuzia pipa hilo mara ijayo. Ukifuata utaratibu huu kwa bidhaa moja, hautabaki na maji mengi ya kutuliza.

Panga pia ratiba: tengeneza mikupuo ya bidhaa moja mfululizo, isiyo na rangi kwanza na yenye rangi baadaye. Usichanganye kamwe maji yaliyosuuzia chombo cha dawa ya choo na yale yaliyosuuzia chombo cha jiki.

Hatua ya 8: Fanya jaribio la lita moja

Maji ya asidi yasiyoweza kurudi kazini ndiyo yanayotulizwa. Yeyusha kilo moja ya magadi ndani ya maji hadi upate lita 10. Koroga pipa la taka, chota lita moja, iweke katika ndoo kubwa yenye nafasi ya povu. Ongeza maji ya magadi mililita 20 kila mara, koroga, subiri povu lishuke, pima. Andika jumla pH inapofika kati ya 7 na 8.

Tuseme imekuchukua mililita 120. Hizo ni gramu 12 za magadi kwa lita. Pipa lenye lita 100 litahitaji kilo 1.2. Jaribio hili linakuondolea haja ya kujua asidi ilikuwa ya asilimia ngapi, na ni bora kuliko jedwali lolote, kwa sababu taka za leo si sawa na za jana.

Hatua ya 9: Tuliza pipa zima

Fanya kazi nje au mahali palipo wazi kabisa. Magadi yakikutana na asidi hutoa kaboni dioksidi kwa mamia ya lita katika pipa moja, nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini na kumkosesha mtu pumzi ndani ya chumba kilichofungwa. Pipa lijazwe nusu tu.

Mimina robo tatu ya maji ya magadi uliyopiga hesabu, jagi moja baada ya jingine, ukikoroga kutoka chini. Povu litapanda kwa mvumo, litapasuka na kushuka. Usiongeze jingine kabla halijashuka. Baada ya hapo punguza mwendo. Karibu na pH 7 kipimo hakipandi polepole, huruka, na jagi moja tu linaweza kukupeleka kutoka 4 hadi 9. Sehemu hiyo ya mwisho malizia kwa bikaboneti, ambayo hata ukizidisha haitapandisha pH sana kupita 8.

Kwa asidi salfuriki, usitegemee vipande vya mawe ya chokaa: vitavikwa ganda la jasi na kuacha kufanya kazi. Tumia unga wa chokaa iliyozimwa uliokorogwa majini. Hauna povu la gesi, lakini huacha tope, na vumbi lake likiingia jichoni ni hatari kama asidi yenyewe.

Hatua ya 10: Subiri, pima tena, ndipo umwage

Acha pipa usiku kucha. Pima pH asubuhi, kwa maana chokaa huendelea kuyeyuka na gesi huendelea kutoka, na namba ya jioni huwa si ya asubuhi. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka pH 6.5 hadi 8.5 kwa maji yanayomwagwa katika mazingira, na 6 hadi 9 kwa yanayoingia bomba la maji taka. Ukilenga 7 hadi 8 utakuwa ndani ya vyote viwili.

pH nzuri peke yake si ruhusa. Maji hayo bado yana chumvi na masalio ya sabuni, kwa hiyo usiyamwagie sukumawiki. Pata kibali cha kampuni ya maji ya eneo lako kabla ya kuyaingiza katika bomba, na uliza NEMA (mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira) kuhusu leseni ya kumwaga maji taka na kanuni zinazotumika sasa. Karakana yenyewe iandikishwe kwa idara ya usalama na afya kazini, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inavyotaka. Tope likaushwe kwenye trei na kukabidhiwa kwa mbeba taka mwenye leseni.

Ukikwama

*pH imepita 9.* Usiongeze asidi mpya. Weka siku zote jerikeni moja ya taka ambazo hazijatulizwa, na utumie hizo kuishusha.

*Povu linafurika.* Taka zako zina sabuni ndani, nayo inashika gesi. Acha magadi, tumia chokaa iliyokorogwa majini, na siku nyingine rudisha maji ya sabuni katika mkupuo badala ya kuyaleta hapa.

*Kipimo kinaonyesha namba isiyotulia.* Kioo chake kimeshika sabuni au kimekauka. Kioshe, kiloweke katika maji yake ya kuhifadhia, kirekebishe kwa pH 4 na 7, na ulinganishe na karatasi.

*Mkupuo wa sabuni umetoka na pH 3.* Hiyo si taka. Ongeza kostiki iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, hadi pH 7. Ukiwa umekwisha kuwa na chumvi nyingi na hauwi mzito tena, ugawe katika mikupuo mingine kumi kama sehemu ya maji yake.

*Harufu ya asidi haiishi ingawa hakuna kilichomwagika.* Kagua vifuniko vya dramu, mpira wa pampu na chemba ya mtaro. Tazama misumari na bawaba za mlango: zile zilizopata kutu zaidi ziko karibu na mahali mvuke unapotoka.

*Umeletewa asidi ya betri kuukuu.* Usiitulize mwenyewe na kuimwaga. Magadi yataondoa ukali, lakini madini ya risasi yatabaki ndani ya maji na tope. Irudishe kwa wanaokusanya betri kwa leseni.

*Umekuta jerikeni isiyo na lebo.* Usiifungue, usiinuse, usiichanganye na kitu. Iweke peke yake ndani ya trei ya plastiki, mbali na jua, iandike “haijulikani” pamoja na tarehe, na umwite mbeba taka mwenye leseni aje kuipima.